Dishi la Maafa Halishiki: Anzia Chini Kabla ya Kutazama Angani

Simu huanza hivyo hivyo kila mara. “Fundi, shikamoo. Setilaiti imekufa.” Nami hujibu, “Marahaba. Taa ngapi zinawaka?” Kimya. Hapo najua mwenzangu bado hajaingia chumbani kutazama.

Katika safari zote nilizopanda boti kutoka Mwanza kwenda visiwani Ziwa Victoria na mfuko wangu wa spana, sijakuta setilaiti iliyokufa hata moja. Nimekuta fyuzi, panya, mwembe uliorefuka, na mara nyingi kuliko vyote nimekuta bili ambayo hakuna anayejua ni ya nani. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kutoka chini kwenda juu. Umeandikwa kwa ajili ya muuguzi wa zahanati, mwalimu mkuu au mtendaji wa kijiji aliyekabidhiwa kifaa cha intaneti ya setilaiti kilicholipiwa na serikali au wafadhili, wakati wa mafuriko, tetemeko, ajali ya majini au ujio wa wakimbizi. Kifaa kikaletwa, picha zikapigwa, walioleta wakaondoka na kivuko cha jioni.

Kwanza tambua unacho kipi. Kama ni dishi la bakuli la mita moja na kitu, limefungwa kwenye bomba la chuma na lina mkono unaoshika kichwa mbele yake, hilo huongea na setilaiti moja iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, isiyosogea ukiitazama kutoka hapa. Kama ni kibao bapa kama sinia kubwa, hicho hufuata setilaiti nyingi zinazopita chini zaidi, kilomita 550 hivi, kikirukia kutoka moja hadi nyingine. Magonjwa yao mengi yanafanana, dawa wakati mwingine hazifanani. Nitasema “bakuli” na “sinia” ili tuelewane.

Haiwaki kabisa, au mchana inafanya kazi na usiku inazima

Hili ndilo lalamiko namba moja, na sababu namba moja ni simu za watu.

Chukua kalamu. Sinia la kawaida hula wati 75 hivi. Usiku wa saa 12, jua likiwa limezama, ni 75 × 12, yaani wati-saa 900. Betri ya volti 12 yenye Ah (amperi-saa) 200 ina wati-saa 2,400, lakini betri ya asidi ukiinyonya kupita nusu unaiua mapema, kwa hiyo za kutumia ni 1,200. Umebakiwa na 300. Simu moja ya kisasa iliyokwisha chaji hutaka wati-saa 20 hivi ili ijae. Basi betri yako ina nafasi ya simu 15, na hapo nimeacha kwa makusudi kile kinachopotelea ndani ya inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Simu ya 16 ndiyo inayozima mtandao wa zahanati saa kumi za usiku. Wakati wa maafa watu hawaji na simu 15. Wanakuja na mafuriko ya simu, na huwezi kuwafukuza, maana kila mmoja ana ndugu anayemtafuta.

Mara moja niliitwa kisiwani kwa ajili ya “hitilafu ya setilaiti”. Nilikuta kamba ya umeme imepita chini ya mlango hadi chumba cha pili, na mwisho wake kuna friji ya soda. Mama mwenye friji hakuona kosa: umeme ni wa serikali, na soda wananunua watu wa serikali. Nikachomoa friji, mtandao ukarudi, nikanywa soda moja ambayo haikuwa baridi.

Kwa hiyo angalia hivi. Chomoa kila kitu kwenye inveta isipokuwa kifaa cha intaneti. Inveta ikiwa inapiga mlio, mara nyingi huo ni mlio wa betri kuishiwa, haina maana inveta ni mbovu. Kama una mita, pima betri ikiwa imepumzika bila mzigo: volti 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu, chini ya 11.8 imekwisha. Tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, zima, fungua, safisha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, kausha, kaza. Kama ni betri ya maji, ongeza maji ya betri yanayouzwa dukani. Maji ya ziwa hapana, hata yakiwa masafi namna gani.

Kisha panda utazame paneli. Vumbi, kinyesi cha ndege, moshi wa kukaushia samaki, vyote hupunguza chaji. Nimewahi kukuta dagaa wameanikwa juu ya paneli, wamepangwa vizuri kabisa. Kwa kweli ni mahali pazuri pa kuanikia: pako juu, pana joto, kuku hawafiki. Ongea na mwenye dagaa kwa heshima, umtafutie kichanja kingine.

Kama betri ni nzima na bado kifaa hakiwaki, fuata waya. Masinia mengi hupelekewa umeme na data kwa waya mmoja, na plagi yake lazima iingie hadi mwisho. Ikibaki nje milimita mbili, inaonekana imeingia lakini haijaingia. Chomoa, rudisha, sukuma kwa kidole gumba. Pitisha mkono kwenye waya wote kuanzia ukutani hadi darini ukitafuta meno ya panya. Baada ya hapo ndipo uanze kushuku adapta. Jenereta ndogo zinazochezacheza, umeme ukipanda na kushuka, huua adapta nyingi kuliko uzee. Kama kifaa kinategemea jenereta, weka stabilaiza katikati.

ACHA NA UITE FUNDI UMEME kama betri imevimba, imekuwa ya moto, au inatoa harufu ya yai viza. Fungua madirisha, usiwashe kiberiti wala swichi, toka. Na kama maji ya mafuriko yamefika kwenye soketi au inveta, usiingie chumbani hata kama maji yamekupwa. Kifaa kilicholowa hakianikwi juani kikawashwa jioni. Tope la ndani hupitisha umeme hata likikauka nusu.

Tukiwa hapo hapo: mwaka 2020 ziwa lilijaa likapita rekodi ya miaka ya 1960, na mialo mingi ikaingia majini. Aliyefunga betri zake sakafuni mita ishirini kutoka ufukweni alizikosa. Zipandishe kwenye rafu leo.

Inawaka, lakini inatafuta mawimbi siku nzima

Kwa sinia, sababu ya kwanza ni kitu kilichosimama kati yake na mbingu. Sinia linataka kuona eneo pana la anga kwa sababu setilaiti zake zinapita. Bakuli linataka tundu moja tu la anga, lakini lazima liwe tundu lile lile.

Mwanza ni mji wa mawe, na mawe hayahami. Ukifunga sinia kwenye mteremko wa Isamilo au Bugando kati ya majabali mawili, utapata mtandao wa dakika tano, kukatika sekunde kumi, tena dakika nne. Watu hudhani kifaa kibovu. Si kibovu, kinapoteza setilaiti kila moja inapopita nyuma ya jabali. Programu ya simu inayokuja na kifaa huwa na ukurasa wa vizuizi: unazungusha kamera angani nayo inakuonyesha penye tatizo. Tumia hiyo kabla ya kutoboa ukuta. Baadaye kuna miti. Mwembe uliokuwa kiunoni siku ya ufungaji, baada ya masika mbili umefika kwenye paa. Na wakati wa maafa kuna mahema: hema jipya la kugawia chakula, lenye paa la turubai na bomba za chuma, likisimamishwa mbele ya kifaa asubuhi, adhuhuri unapigiwa simu kwamba setilaiti imekufa.

Kwa bakuli, sababu ya kwanza ni kwamba limesogea. Nyoosha mkono, inua kidole kidogo. Upana wa kidole hicho angani ni kama digrii moja. Bakuli la mita 1.2 likisogea kiasi hicho linapoteza sehemu kubwa ya mawimbi. Upepo wa ziwa unatosha, hasa kama aliyelifunga hakukaza nati za chini ya bomba. Kongoti naye anatosha. Wale ndege wakubwa wenye upara wanaozunguka soko la samaki hupenda sana kusimama juu ya dishi, na ndege wa kilo kadhaa akitua kila jioni pembeni ya bakuli, mwisho bomba linaelemea upande wake. Dawa ya kongoti ni uzi wa kuvulia uliokazwa juu ya ukingo wa dishi. Asipopata pa kuweka miguu anahamia kwa jirani.

Sababu inayofuata ni viungo vya waya. Unyevunyevu wa ziwa huingia kwenye konekta iliyofungwa kwa tepu nyeusi ya dukani, shaba inageuka kijani, mawimbi yanafia hapo. Zima kifaa, fungua konekta ya nje, itazame. Ikiwa ya kijani au ina tone la maji, ikatwe na ifungwe mpya, kisha izungushiwe tepu ya mpira ile inayojishika yenyewe. Tepu ya kawaida hukusanya maji badala ya kuyazuia. Ya mwisho, na usicheke: nyigu. Hujenga udongo kwenye mdomo wa kile kichwa kilicho mbele ya bakuli. Kama kifuniko chake cha plastiki kimepasuka, tazama ndani baada ya kuzima umeme.

ACHA HAPA kama ni bakuli na unaona limesogea. Usilegeze nati kulitafutia setilaiti mwenyewe kama la kisimbuzi cha televisheni. Lile la televisheni linapokea tu. Hili linatuma pia, na likilengwa vibaya linamwaga mawimbi kwenye setilaiti ya jirani. Kituo cha udhibiti kitakuzima, na kukuwasha tena si kazi ya siku moja. Fundi huja na kipimo na hulenga huku akiongea na kituo hicho kwa simu. Na usisimame wala kupitisha mkono kati ya bakuli na kichwa chake wakati modemu imewashwa, kwa sababu yale mawimbi yanayotumwa hupasha mwili joto. Unachoweza kufanya wewe ni kinga: siku dishi likiwa zima, chora mstari wa rangi unaovuka bomba na kishikio chake. Ukiona mistari imeachana, unajua, na fundi anapata pa kuanzia.

Inakatika mvua ikinyesha

Kidogo, hii ni tabia na si ugonjwa. Mawimbi haya hunyonywa na matone ya mvua. Wingu zito la ziwani likija na ngurumo, bakuli linaweza kupotea dakika kumi au ishirini, likarudi lenyewe. Dhoruba za ziwa hili hupenda usiku wa manane hadi asubuhi, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya maji, kwa hiyo msimu wa mvua usipange kutuma ripoti alfajiri. Tuma saa nane mchana.

Ugonjwa ni pale mvua inapokwisha na mtandao haurudi. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikwambii. Kule kaskazini setilaiti za aina ya bakuli zinaonekana chini kuelekea upeo wa macho, kwa hiyo dishi husimama wima na maji hutiririka. Sisi tuko digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta. Setilaiti iko karibu na utosi, dishi linalala likitazama juu, na linakuwa beseni. Nimekuta maji, majani, kinyesi cha ndege na chura mmoja. Maji yale yakitulia humo, mawimbi hayarudi hata jua likiwaka. Zima, futa kwa kitambaa laini, na muulize fundi kama anaweza kutoboa tundu dogo sehemu ya chini kabisa. Usitoboe wewe: tundu likikaa vibaya au bakuli likipinda, hasara ni kubwa kuliko maji. Kama sinia, lifute tu. Usilikwangue kwa brashi ya waya.

Kuna kukatika kwingine kunakochanganya watu kwa sababu kunatokea jua likiwa kali, mbingu safi. Ikiwa bakuli lako linapotea dakika chache, saa ile ile kila siku, kwa siku kadhaa karibu na Machi 21 au Septemba 22, hakuna kitu kibaya. Jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti, na kelele zake zinalifunika dishi. Usiguse chochote. Baada ya siku chache itaisha yenyewe, na aliyekuja “kuitengeneza” atachukua sifa.

Radi imepiga, na sasa kimya

Fupi. Usipande juu ya paa wakati ngurumo bado zinasikika. Zikiisha kwa nusu saa, chomoa kila kitu, kisha washa kimoja kimoja: inveta peke yake, kisha adapta, kisha ruta. Ukisikia harufu ya plastiki iliyoungua au ukaona doa jeusi kwenye plagi, hapo hapo acha. Kifaa kilichopigwa na radi kinaweza kuwaka leo na kuwasha moto kesho. Zimamoto ni 114, lakini ukiwa kisiwani boti yao iko mbali. Fundi akija, mwombe aone kama waya wa athi upo na umefika kwenye udongo wenye unyevu. Juu ya majabali yetu nondo ya athi mara nyingi imesimikwa kwenye ufa wa jiwe, ikiwa imevaa waya vizuri na haifanyi kazi yoyote.

Taa zote njema, waifai ipo, intaneti hakuna

Hapa ndipo ninapotaka utulie, kwa sababu watu hufungua vifaa vizima vipande vipande wakitafuta ugonjwa ambao uko kwenye daftari la mtu fulani, mjini mwingine.

Hatua ya kwanza ni ya dakika moja: unganisha kompyuta au simu moja tu, fungua ukurasa wa ndani wa kifaa au programu yake. Kama inasema imeunganishwa na setilaiti lakini huduma imesitishwa, dishi lako halina kosa. Funga mfuko wa spana. Swali sasa ni nani analipa.

Ada haijalipwa, ndiyo sababu inayoongoza. Kifaa cha maafa hununuliwa mara moja kwa shangwe, lakini ada huja kila mwezi bila shangwe. Mradi wa miezi sita ukiisha, kadi ya benki iliyokuwa ikilipa inaisha nayo. Hili si la wanyonge peke yao. Ukraine, ambako intaneti ya setilaiti iliingia siku chache tu baada ya uvamizi wa Februari 2022, ilipokea terminali (vifaa kama hilo sinia lako) 5,000 kupitia shirika la misaada la Marekani, USAID, na nyingine nyingi kutoka Poland na kwingineko. Hata hivyo Oktoba mwaka ule ule terminali zipatazo 1,300 zilizokuwa zikitumiwa na jeshi lake zilizimika, na sababu iliyoripotiwa ilikuwa fedha: ada ya dola 2,500 kwa mwezi kwa kila moja. Hakuna bomu lililozipiga. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuja kuingia mkataba wa kulipia huduma hiyo Juni 2023. Kama nchi iliyo vitani, yenye marafiki matajiri, inaweza kuzimiwa kwa bili, zahanati yako nayo inaweza.

Sababu ya pili ni akaunti kuwa kwa jina la mtu aliyehama. Kampuni ya huduma huongea na mwenye akaunti tu. Ukipiga simu ukasema “mimi ni mtendaji wa kijiji, kifaa kiko ofisini kwangu,” watakusikiliza kwa adabu na hawatafanya kitu. Nimewahi kufuatilia kifaa kimoja wiki mbili nzima; akaunti ilikuwa kwenye barua pepe ya kijana wa kujitolea aliyesharudi kwao, na pasiwedi ameisahau. Kifaa kilikuwa kizima kabisa wiki zote hizo mbili, kimewekewa kitambaa cha kudarizi juu yake kisipate vumbi.

Ya tatu ni mahali. Vifaa vingi husajiliwa kwa eneo maalumu. Kikihamishwa kutoka Sengerema kwenda kisiwa cha Ukara kwa sababu maafa yamehamia huko, kinaweza kukataa kufanya kazi mpaka mwenye akaunti abadilishe anwani. Kikivuka mpaka wa nchi, kuna sheria juu ya hilo. Hapa kwetu vifaa vya setilaiti vinahitaji kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Upo Mkataba wa Tampere wa 1998, ulioanza kutumika Januari 2005, unaorahisisha kuingiza vifaa vya mawasiliano wakati wa maafa, lakini unazibana nchi zilizojiunga, na hata huko karatasi huandikwa kabla ya boksi kufika forodhani. Kifaa alichokileta mjomba kwenye begi kutoka nchi jirani si “cha dharura” kwa sababu tu kuna dharura.

Ya nne, bando la kasi limekwisha na huduma imebanwa karibu na sifuri. Ya tano, ya nadra: tatizo liko kwenye kituo cha ardhini ambako mawimbi ya setilaiti hushukia. Kituo hicho nacho hutegemea mkongo, yaani nyaya kuu za intaneti. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hata Mwanza tuliona simu zikisota; anayedhani setilaiti haigusi ardhi kabisa amekosea.

Hapa hakuna fundi wa kuita. Anayeitwa ni ofisa: mratibu wa maafa wa wilaya, au shirika lililoleta kifaa. Penye operesheni kubwa ya kimataifa kuna Kundi la Mawasiliano ya Dharura linaloongozwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), na wao wana orodha ya vifaa na walipaji wake. Waulize kwa maandishi mambo matatu: akaunti iko kwa jina la nani, inalipiwa hadi tarehe gani, na tarehe hiyo ikifika nani anachukua. Ni vyema kuuliza siku kifaa kinapoletwa, wakati bado kuna kamera.

Intaneti ipo, lakini inatambaa

Hesabu watu. Kifaa kilicholetwa kwa ajili ya kutuma takwimu za wagonjwa kinabeba pia video za kijiji kizima, kwa sababu pasiwedi imeandikwa kwa chaki mlangoni. Ibadilishe, tengeneza mitandao miwili, mmoja wa kazi na mmoja wa wananchi, na wa wananchi uwekewe kikomo. Usiwanyime kabisa. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati la Ukara na zaidi ya watu 200 wakafariki, kila aliyekuwa na simu alikuwa na mtu wa kumuuliza habari. Ujumbe wa maandishi mia haulemei kitu. Video moja inalemea.

Kisha kompyuta zenyewe. Kompyuta tano za ofisi zikipakua masasisho kwa wakati mmoja zitakula kila kitu. Zima masasisho ya kujiendesha, au yapangiwe saa tisa usiku kama betri inaruhusu.

Kwa wenye bakuli, kuna ucheleweshaji usiotibika. Safari ya kwenda kilomita 35,786 na kurudi, mara mbili kwa swali na jibu, huchukua karibu nusu sekunde. Simu ya video itakuwa na mgongano: wewe unasema, yeye naye anasema, mnanyamaza wote. Semeni kwa zamu kama kwenye redio ya upepo. Tonga ilipokatikiwa waya wake wa baharini na volkano Januari 15, 2022, nchi nzima iliishi kwa setilaiti kwa muda wa kama wiki tano, na kilichofaa ni ujumbe mfupi na sauti, siyo kutazama mpira.

Na ruta ikiwa ya moto sana, ifungue kwa nje utazame matundu yake. Wale vijidudu vya ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji hufuata taa usiku, huingia kwenye matundu kwa maelfu na kufia humo. Zima, puliza, piga brashi laini. Funika dirisha kwa chandarua na uzime taa ya nje.

Kama eneo lina mapigano

Sehemu hii naiandika kwa ajili ya vijana wetu wanaoajiriwa na mashirika upande wa Kivu, mashariki mwa Kongo, hasa tangu mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025. Dalili ni hii: kifaa kizima, mbingu wazi, ada imelipwa, na bado hakishiki; vifaa vyote vya jirani vimekufa saa ile ile; ramani ya simu nayo inakuonyesha uko ziwani wakati umesimama barabarani. Huko ni kuvurugwa kwa mawimbi kwa makusudi, mara nyingi ya GPS, ambayo sinia huyahitaji ili lijue liko wapi. Hakuna nati ya kukaza. Usipande juu ya paa, usihangaike na dishi mahali unapoonekana, wala usipige picha kifaa ukazituma kuuliza ushauri. Kinachotuma mawimbi kinaweza kutafutwa kwa mawimbi yake. Zima, mwambie msimamizi wa usalama, subiri amri yake. Fundi wa kweli huko ni yule anayejua wakati wa kuondoka.

Kabla hujanipigia

Kuwa na karatasi mkononi yenye namba ya kifaa kutoka kwenye kibandiko chake (iko chini au nyuma, piga picha sasa hivi kabla haijafutika), jina la mwenye akaunti, tarehe ya malipo ya mwisho, volti za betri, rangi ya kila taa na kama inawaka au inapepesa, na saa tatizo lilipoanza. Useme pia kama mvua ilinyesha na kama kuna mtu alipanda juu ya paa. Usimfiche aliyepanda. Kivuko cha kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kina ratiba yake, na nikija na spana ya bakuli nikakuta ni sinia, tutalala wote huko.